Ruta ya pili nyumbani: ifunge hivi, la sivyo itazima intaneti ya nyumba nzima

Saa 4:40 usiku mdogo wangu alitoka chumba cha uani amebeba laptopu kwa mikono miwili, kama trei ya chai. Dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linafungwa saa 5:59. Cheti cha mwisho kilikuwa hakijapanda, na Wi-Fi niliyojisifu nayo jioni ile ilikuwa imegoma.

Nilikuwa nimemfungia ruta ya pili saa mbili tu kabla. Kwenye laptopu yake mistari ya Wi-Fi ilikuwa imejaa yote, lakini intaneti hakuna. Nikamwambia ahamie sebuleni kwenye ruta ya siku zote. Huko nako maajabu: televisheni inazunguka tu, simu ya mama inafanya kazi, yangu haifanyi. Nikazima ruta zote mbili, nikawasha. Sasa ya mama ikagoma, yangu ikakubali.

Mwishowe mdogo wangu alinunua bando kwenye simu, akawasha hotspoti, cheti kikapanda saa 5:31. Mimi nikabaki sebuleni na waya mkononi, nikiangaliwa na mama.

Kosa lilikuwa kitu kimoja kidogo ndani ya mipangilio ya ruta ya pili, kinaitwa DHCP. Sikukizima. Kama una ruta ya zamani kabatini na unataka ipeleke intaneti chumba cha mwisho, uani au ghorofani, soma hapa kwanza kabla hujachomeka chochote.

Je, tatizo ni kufika au ni kasi?

Watu wengi wanadhani ruta ya pili inaongeza intaneti. Haiongezi. Kama kifurushi chako ni cha Mbps 20, ukiwa na ruta moja au nne bado mnagawana 20 zile zile. Kazi ya ruta ya pili ni kufikisha Wi-Fi mahali ambapo ya kwanza haifiki.

Kipimo ni rahisi. Simama mita mbili kutoka ruta ya sebuleni, fungua fast.com au speedtest.net kwenye simu, andika namba. Kisha nenda chumba kinachosumbua, pima tena. Kama sebuleni unapata 19 na uani unapata 1, ruta ya pili itakusaidia. Kama hata sebuleni unapata 2, tatizo liko kwenye kifurushi, kwenye laini, au kuna mtu ndani ya nyumba anapakua filamu. Ruta ya pili hapo ni hela ya bure.

Kuna kipimo kingine kizuri zaidi kwa wenye Android. Pakua programu ya kupima nguvu ya Wi-Fi (zipo nyingi za bure, tafuta tu "WiFi Analyzer") utaona namba yenye alama ya kutoa mbele, kwa kizio cha dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yana nguvu. Kati ya -50 na -65 uko vizuri. Ikifika -70 simu za video zinaanza kukatakata. Ikipita -80 Wi-Fi ipo kwa jina tu. Tembea nayo nyumba nzima, utagundua ukuta gani hasa ndio mchawi.

Na nyumba zetu zina kuta za kazi. Tofali la saruji, nguzo ya zege yenye nondo, kioo kikubwa cha kabati, friji, tanki la maji, vyote vinakula mawimbi. Bati ndiyo mbaya kuliko zote: banda la uani lililozungushiwa bati ni kama kisanduku cha chuma. Ruta za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5. Yale ya 5 yana kasi zaidi lakini ukuta wa pili tu yamechoka. Ya 2.4 ni ya polepole ila yanapenya. Kabla ya kununua chochote jaribu hili: itoe ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Wapo waliomaliza shida yao hapo hapo.

Waya kwanza, mengine baadaye

Njia ya kuaminika ya kuunganisha ruta mbili ni waya wa LAN, ule wenye kichwa cha plastiki kama cha simu ya mezani lakini kipana zaidi. Unatoka ruta ya kwanza, ambayo hapa tutaiita ruta mama, unakwenda hadi ruta ya pili.

Waya wa daraja la Cat5e unatosha kabisa nyumbani. Unabeba hadi Gbps 1 kwa umbali wa mita 100, na hakuna nyumba nyingi zinazofika mita 100 kutoka sebule hadi uani. Madukani, Kariakoo kwa mfano, huuzwa kwa mita na wanakufungia vichwa pale pale. Ulizia kama ni shaba tupu. Kuna waya wa bei nafuu ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa mita kumi utakuvumilia, kwa mita sitini unaanza vituko, na ukiukunja mara mbili tatu unakatika ndani kwa ndani huku nje unaonekana mzima.

Ukiamua kufunga vichwa mwenyewe, mpangilio unaotumika zaidi ni huu, ukishika kichwa kile kikofia chake kikiwa upande wa chini na tundu la kuingizia waya likikuelekea, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawa. Fundi akikuambia rangi hazina maana ilimradi zifanane, usimsikilize. Nyuzi hizo zimesokotwa mbili mbili kwa sababu, na ukizitenganisha ovyo kasi inashuka bila wewe kujua kwa nini.

Waya ukipita nje, upitishe ndani ya bomba la plastiki. Jua la kwetu linapasua ganda la waya wa ndani kwa muda mfupi, na panya nao wana mambo yao. Usiuweke kwenye bomba moja na waya wa umeme wa nyumba. Na msimu wa mvua radi ikianza kupiga karibu, chomoa pande zote mbili. Waya mrefu unaotoka jengo moja kwenda jingine unaweza kubeba mshtuko hadi kwenye ruta, na kutoka hapo hadi kwenye televisheni.

DHCP ni nini, na kwa nini iliniadhiri

Kila simu ikijiunga na Wi-Fi inahitaji anwani, namba kama 192.168.1.23. Huiandiki wewe. Ruta ndiyo inaigawa, na pamoja na namba hiyo inaiambia simu: "Ukitaka kwenda intaneti, pitia kwangu." Kazi hiyo ya kugawa ndiyo DHCP.

Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa rasmi miaka ya 1990 kwa ajili ya mitandao ya ndani, ndiyo maana yako na ya jirani zinaweza kufanana kabisa na hakuna anayemwingilia mwenzake. Ila ndani ya nyumba moja mgawaji anatakiwa awe mmoja.

Fikiria benki yenye walinzi wawili mlangoni, kila mmoja anagawa namba za foleni. Mmoja anakuelekeza dirisha lenye karani. Mwingine anakuelekeza dirisha ambalo nyuma yake hakuna mtu. Unapata upande gani? Inategemea nani kakuwahi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Ruta mama ilikuwa 192.168.1.1 na ilikuwa na intaneti. Ruta ya pili ilikuwa 192.168.0.1, haina intaneti yake yenyewe, lakini ilikuwa bado inagawa anwani kwa bidii na kuambia kila kifaa "pitia kwangu". Na kwa kuwa waya ulikuwa umeziunganisha, sauti yake ilifika hadi sebuleni. Ndiyo maana televisheni iliyo hatua moja kutoka ruta mama nayo ilipotea. Na ndiyo maana kuzima na kuwasha kulibadilisha tu ni nani anayeumia.

Hii ndiyo dalili ya kuikumbuka: baadhi ya vifaa vina intaneti, baadhi havina, na wanabadilishana. Ukiona hivyo ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, bonyeza jina la mtandao, angalia anwani ya IP. Kama wenye intaneti wanaanza na 192.168.1 na wasio nayo wanaanza na 192.168.0, umeshampata mkosaji. Ningejua hilo saa 4:40 usiku, ningemaliza kwa dakika tatu.

Kuiandaa ruta ya pili, waya ukiwa bado haujachomekwa

Anza kwa kuisafisha. Washa ruta ya pili peke yake, tafuta kijitundu kidogo nyuma au chini, choma kwa pini na ushikilie sekunde kama 10 hadi taa zibadilike. Hapo imesahau kila kitu cha zamani. Tumia adapta yake mwenyewe. Ruta nyingine ni za volti 9, nyingine 12, na vichwa vya adapta huwa vinafanana. Ukichanganya unaweza kuiunguza kabla hata hujaanza.

Geuza ruta, chini kuna stika. Ina jina la Wi-Fi, nywila, na anwani ya kuingilia kwenye mipangilio. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ila zipo za 192.168.8.1, 192.168.100.1 na kadhalika, kwa hiyo soma stika usikisie.

Unganisha simu yako na Wi-Fi hiyo. Simu italalamika kwamba hakuna intaneti, iambie ubaki hapo hapo. Halafu zima data ya simu. Hapa ndipo wengi wanakwama: data ikiwa imewashwa, simu inaikwepa Wi-Fi isiyo na intaneti na kuutafuta ukurasa wa ruta kupitia bando, na hauwezi kuupata huko. Ukishazima, fungua kivinjari, andika ile anwani ya kwenye stika, ingia.

Sasa angalia kama kuna sehemu imeandikwa "Operation Mode" au "Working Mode". Ruta nyingi za miaka ya karibuni wanayo. Ukikuta chaguo la "Access Point", au AP kwa kifupi, una bahati. Lichague, weka jina la Wi-Fi na nywila, hifadhi, na ruta yenyewe inazima DHCP na kuacha kujifanya bosi. Chomeka waya kutoka tundu lolote la LAN la ruta mama. Upande wa ruta ya pili, katika hali hii kwa kawaida unachomeka WAN, ile yenye rangi tofauti. Umemaliza, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kupima.

Kama chaguo hilo halipo, tunaifanya kwa mkono, na mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe.

Kwanza weka jina la Wi-Fi na nywila. Hifadhi, simu itakatika, iunganishe upya. Kwa siku ya kwanza ningekushauri uweke jina tofauti na la ruta mama, tuseme "Nyumbani-Uani", ili ujue kwa hakika uko kwenye ruta ipi wakati unapima. Kulibadilisha baadaye ni kazi ya dakika moja.

Pili badilisha anwani ya ruta yenyewe. Tafuta sehemu ya LAN. Kama ruta mama ni 192.168.1.1, ipe hii 192.168.1.2. Ila kuna mtego: ruta mama huenda inagawa kuanzia .2 hadi .254, na siku moja itampa mgeni hiyo hiyo .2. Ingia kwenye ruta mama, sehemu ya DHCP, fanya ianze kugawa kuanzia .10. Namba za chini zinabaki kwa ajili ya ruta na vitu vya kudumu kama printa. Ukihifadhi, ruta ya pili itajiwasha upya na sasa unaingia kwa 192.168.1.2.

Tatu, na hii iwe ya mwisho, zima DHCP. Imeandikwa "DHCP Server", weka "Disable", hifadhi. Baada ya hapo simu yako itashindwa kujiunga na ruta hii, itazunguka "inapata anwani ya IP" bila mwisho. Usiogope na usiibonyeze tena kwa pini. Hakuna mgawaji kwa sasa, ndivyo tulivyotaka. Ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, utajifungia nje na kuanza upya. Najua kwa sababu nilifanya hivyo pia, kesho yake.

Sasa waya: tundu la LAN la ruta mama hadi tundu la LAN la ruta ya pili. LAN kwa LAN. Tundu la WAN la ruta ya pili halitumiki kabisa katika njia hii, na ningeliziba kwa kipande cha selotepu, maana siku utakayosafiri kuna mtu atachomoa waya akifagia na kuurudisha pale.

Kupima, halafu kuunganisha majina

Washa ruta mama, subiri dakika mbili, washa ya pili. Jiunge na "Nyumbani-Uani", angalia anwani ya IP. Inatakiwa kuanza na namba zile zile za ruta mama. Pima kasi. Kama uko karibu na kile ulichopata sebuleni, kazi imekwisha. Ruta za zamani huwa na matundu ya Mbps 100, kwa hiyo mwenye kifurushi cha 200 asishangae kuona uani haivuki 90 na kitu.

Wiki ikipita bila vituko, unaweza kuzipa ruta zote jina moja na nywila moja, herufi kwa herufi, na aina moja ya ulinzi. Simu itahama yenyewe ukitembea kutoka sebuleni kwenda uani. Itahama, lakini kwa kuchelewa. Simu nyingi hung'ang'ania ruta ya kwanza hadi mawimbi yawe hoi kabisa. Anayeamua kuhama ni simu. Kuna watu hilo linawaudhi hadi wanarudi kwenye majina mawili, na si dhambi. Mama alichagua majina mawili. Anasema anataka kujua yuko wapi.

Kwa upande wa GHz 2.4, weka kila ruta kwenye chaneli yake. Kati ya chaneli zilizopo ni 1, 6 na 11 tu ambazo haziingiliani, kwa hiyo kama mama iko 1, ya pili iwe 6 au 11. Ile programu ya kupima itakuonyesha majirani wako wapi. Ukikaa kwenye nyumba za kupanga zenye Wi-Fi kila chumba, utakuta 6 imejaa kama daladala ya saa moja asubuhi.

Ukichomeka WAN badala ya LAN

Kuna njia ya pili ambayo mafundi wengi huitumia kwa sababu haina kazi: wanachukua ruta ya pili kama ilivyo, wanachomeka waya kwenye WAN, wanaondoka. Intaneti inapatikana, na mteja anafurahi.

Kinachotokea ni kwamba sasa una mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine. Utaligundua hilo utakapotaka kuchapa. Mama ni mwalimu mstaafu, anafundisha tuisheni, na printa yake iko sebuleni. Laptopu iliyo kwenye mtandao wa uani haitaiona printa hiyo kwenye orodha. Simu ya uani haitaweza kurusha video kwenye televisheni ya sebuleni. Kamera ya geti iliyoungwa kwenye ruta ya pili haitaonekana na kompyuta ya mbele. Baadhi ya michezo ya mtandaoni na simu za sauti nazo huleta usumbufu. Na kama ruta zote mbili zina anwani moja, tuseme zote 192.168.1.1, hata intaneti yenyewe inaweza kugoma hadi ubadilishe moja iwe 192.168.2.1.

Lakini wakati mwingine utengano ndio unaoutaka, hasa ukigawana intaneti na wapangaji. Hapa kuna kitu ambacho watu hukielewa kinyume. Aliye nyuma ya ruta ya pili ndiye aliyelindwa. Wa mbele hawezi kumfikia kirahisi. Ila yeye anaweza kufikia vilivyo mbele, ikiwemo printa yako na ukurasa wa ruta mama. Kwa hiyo ukiwaweka wapangaji kwenye ruta ya pili na wewe ukabaki kwenye ruta mama, umewalinda wao dhidi yako. Watumie mtandao wa wageni wa ruta mama kama upo, au vifaa vyako wewe ndivyo vikae nyuma ya ruta ya pili. Usitegemee mtandao wa wageni wa ruta iliyo katika hali ya AP: kwenye ruta nyingi za bei ya chini, hapo haumtenganishi mgeni na chochote. Na soma mkataba wa kifurushi chako kabla ya kuanza kuwatoza watu.

Kama waya haupitiki

Nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta. Hapo kuna kirudia mawimbi, ambacho ruta nyingi huita "Repeater" au "Range Extender". Kinapokea Wi-Fi na kuirusha tena. Gharama yake ni kasi: kikitumia redio ile ile kupokea na kurusha, unabaki na kama nusu, wakati mwingine chini ya hapo. Watu hukiweka kule kule ambako Wi-Fi haifiki, halafu wanashangaa. Hakiwezi kurusha kisichokipata. Kiweke njiani, mahali ambapo namba bado ni -60 au -65.

Seti za mesh, kama TP-Link Deco, hufanya kazi hiyo kwa akili zaidi na kuhamisha simu kwa upole, na nazo zikipata waya katikati zinakuwa bora mara dufu. Ni nzuri, lakini ni kununua vifaa viwili au vitatu vipya wakati kabatini una ruta ya bure.

Umeme na nywila

Vitu viwili vya haraka. Ukiwa na betri ndogo ya kuhifadhi umeme kwa ajili ya ruta mama, kumbuka ya pili haina. LUKU ikiisha usiku, sebule itakuwa na intaneti na uani hakuna, na utaanza kutafuta kosa ambalo halipo.

Ya pili: ruta ina nywila mbili. Moja ya kuingia Wi-Fi, nyingine ya kuingia kwenye mipangilio. Watu hubadilisha ya kwanza na kuiacha ya pili ikiwa "admin". Badilisha kwenye ruta zote mbili. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3; ruta ya kabatini ambayo mwisho wake ni WEP iache kabatini. Kile kitufe cha WPS zima, kinarahisisha maisha ya jirani kuliko yako. Na kabla hujaifunga, ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza uone kama kuna programu mpya ya ruta hiyo.

Mwisho, mara tu inapofanya kazi, andika anwani yake mpya juu yake. Stika ya kiwandani sasa inadanganya, na miezi sita baadaye hutakumbuka. Yetu imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda, kimeandikwa kwa kalamu ya maka: 192.168.1.2, DHCP IMEZIMWA, USIGUSE. Mwandiko ni wa mama.